Siri ya Mnyonge na Siri ya Mkubwa: Mhadhara juu ya Neno la Kiingereza "Furtive"

 

Shukrani ziwafikie waandaaji kwa kukubali jioni nzima itumike kwa kivumishi kimoja cha Kiingereza. Wapo watakaojiuliza kwa nini watu wazima waache shughuli zao waje kusikiliza habari za neno la kigeni. Jibu ni kwamba neno hili limesimamisha watu barabarani, limepapasa mifuko yao, na limewapeleka mahabusu watu ambao hawakutenda kosa lolote. Na kwa kuwa wengi waliomo ukumbini kazi yao ni kutoa maneno katika Kiingereza na kuyaingiza katika Kiswahili, ni haki wajue hili lina nini ndani.

Neno lenyewe ni "furtive". Msomaji wa riwaya za Kiingereza hukutana nalo likiandamana na jicho: mhusika anamtupia mwenzake jicho la haraka, la kuibia, halafu anajifanya alikuwa akitazama dirishani. Kamusi humpa neno hilo mtu afanyaye jambo kwa kificho huku akichelea kuonekana. Hadi hapo halina madhara. Kusudi la mhadhara huu ni kuonyesha kwamba neno hili, pamoja na kueleza kitendo, humtuhumu mtendaji, na hufanya hivyo bila kulazimika kutaja kosa. Jambo la pili limefungamana na hilo: Kiingereza kina maneno mengi ya siri, na huyagawa kwa kuangalia siri ni ya nani. Hoja ni nne. Urefu wake hautalingana kwa sababu uzito wake haulingani. Ya tatu ndiyo hasa iliyozaa mhadhara huu.

Hoja ya kwanza: ukoo wa neno

Katika Kilatini, "fur" ni mwizi na "furtum" ni wizi. Kivumishi chake, "furtivus", kilimaanisha kilichoibwa, kisha kikapanuka kikawa cha chochote kifanywacho kwa siri. Kupitia Kifaransa kikaingia Kiingereza, na mwizi akaingia nacho.

Ukoo huo una jamaa wa kushangaza. Neno la kitabibu la Kiingereza kwa jipu, "furuncle", limetoka kwa "furunculus", ambalo kwa Warumi lilikuwa mwizi mdogo. Wakulima wa mizabibu walilitumia kwa chipukizi linalonyonya utomvu wa shina bila kuzaa, na kutoka hapo likahamia kwenye uvimbe wa mwilini. Watanzania wanaokumbuka Novemba 2015, Rais Magufuli alipoliambia Bunge pale Dodoma kwamba atatumbua majipu, akiwakusudia wanaofuja mali ya umma, watatambua kwamba watu wa zama na nchi zilizoachana mno waliuona wizi kwa sura ileile.

Kiswahili nacho hakiko mbali. Mtu humtazama mwenziwe kwa kuibia; mwingine hujiiba katikati ya mazungumzo akaondoka. Bwana harusi anayemwangalia bibi harusi kwa kuibia hajaiba kitu, na hakuna msemaji wa Kiswahili atakayedhani ameiba. Waingereza pia hulitumia neno lao hivyo kwa wapendanao. Tofauti iko kwenye umbo. Katika Kiswahili wizi umekaa kwenye kitenzi, kwa hiyo unakwisha kitendo kinapokwisha: ametazama kwa kuibia, basi, sasa anatazama waziwazi. Katika Kiingereza umekaa kwenye kivumishi, na kivumishi kinaweza kulihama jicho kikamgandia mtu mzima. Ndipo anapopatikana "mtu furtive", ambaye wizi umekuwa sehemu ya umbile lake hata akiwa amesimama tu.

Ndugu wa neno hili watajwe kwa kifupi. "Stealthy" limetokana na kitenzi cha Kiingereza cha kuiba, na Shakespeare alilitumia katika Macbeth kwa mwendo wa mauaji yanayomnyemelea aliyelala. Leo ni la chui anayewinda na la ndege ya kivita isiyoonekana kwenye rada. "Surreptitious" limetoka kwenye kitenzi cha Kilatini cha kunyakua kitu kwa chini. Sheria ya Kanisa Katoliki ililitengea kazi maalumu: ruhusa iliyopatikana kwa kuuficha ukweli huitwa kwa neno la ukoo huo, na ile iliyopatikana kwa kusema uongo ina neno lake jingine. Wanasheria waliopo wataipenda tofauti hiyo ya aliyenyamaza na aliyedanganya. Mwaka 1623 waigizaji wawili, John Heminges na Henry Condell, walipochapisha tamthilia za rafiki yao Shakespeare katika juzuu moja kubwa, walilitumia neno hilohilo kwa nakala za awali zilizochapishwa bila idhini.

"Clandestine" limetoka kwenye neno la Kilatini la "kwa siri", na lilipata umaarufu kwa ndoa. Karibu na gereza la Fleet jijini London kulikuwa na makasisi waliofungisha ndoa za haraka bila tangazo wala leseni, hadi Bunge la Uingereza lilipopitisha sheria ya Lord Hardwicke mwaka 1753. Wapenzi wakahamia mpakani, wakawa wanakimbilia kijiji cha Gretna Green huko Scotland, ambako sheria hiyo haikufika. Wa mwisho ni "covert", kutoka Kifaransa, maana yake kilichofunikwa. Huyu ndiye atakayetupeleka kwenye hoja inayofuata.

Hoja ya pili: nani hupewa neno gani

Chukueni gazeti lolote la Kiingereza. Serikali ikifanya jambo kwa siri nje ya mipaka yake, operesheni hiyo huitwa "covert". Jeshi likipeleka makomando usiku, wao ni "clandestine". Kijana aliyesimama kituo cha basi akageuza shingo alipoona gari la polisi, yeye ndiye "furtive". Ni nadra mwandishi wa Kiingereza kuiita dola "furtive", na akifanya hivyo anakuwa amekusudia kuitukana. Maneno haya yote yanahusu kuficha. Mmoja anafunikwa kwa kitambaa. Mwingine anapakwa wizi.

Siri ya wakubwa imepewa hata ufafanuzi wa kitaalamu. Wanajeshi wa Marekani hutofautisha hivi: operesheni ya "clandestine" ni ile inayofichwa yenyewe, isijulikane kabisa kwamba ipo, ya "covert" yaweza kuonekana na kila mtu, kinachofichwa ni nani yuko nyuma yake. Mwaka 1991 Bunge la Marekani liliandika maana ya neno hilo ndani ya sheria: shughuli za serikali za kuathiri hali ya siasa, uchumi au jeshi katika nchi nyingine, kwa kukusudia kwamba mkono wa serikali ya Marekani usionekane wala usikubaliwe hadharani. Neno limetahiniwa, likapewa masharti, likawekewa utaratibu wa kuidhinishwa na Rais na kuarifiwa Bunge. Heshima ya namna hiyo kijana wa kituo cha basi hajawahi kuipata.

Mfano ulio karibu na wasemaji wa Kiswahili ni wa Kongo. Septemba 1960, mwanakemia wa shirika la ujasusi la Marekani, CIA, Sidney Gottlieb, alifika Léopoldville, yaani Kinshasa ya leo, akiwa na sumu iliyokusudiwa kumuua kiongozi wa Kongo, Patrice Lumumba. Pamoja na sumu kulikuwa na glavu za mpira, barakoa na bomba la sindano. Sumu ilitakiwa ipakwe kwenye kitu kitakachofika kinywani mwake, chakula au mswaki. Haya hayakufahamika rasmi hadi Novemba 1975, kamati ya Baraza la Seneti iliyoongozwa na Frank Church ilipochapisha ripoti yake, ambamo Gottlieb mwenyewe alifichwa kwa jina la bandia. Kamati haikupata ushahidi kwamba sumu hiyo ilitumika, wala kwamba Wamarekani walishiriki katika mauaji yenyewe ya Januari 17, 1961 huko Katanga. Lakini iliona wazi jinsi wakubwa wa Washington walivyozungumza juu ya kuua mtu kwa maneno ya kuzungukazunguka, hata ikawa vigumu kupata aliyetoa amri.

Mtu aliyevuka bahari na sumu na sindano kwenye mzigo wake kwa ajili ya kumuua kiongozi wa nchi nyingine, hati za serikali yake hazikumwita "furtive". Kazi yake ilikuwa "covert". Wasikilizaji wakiweka picha hiyo akilini, watakayoyasikia kutoka New York yatawaingia vizuri.

Hoja ya tatu: kisanduku kwenye fomu

Sheria ya Marekani kuhusu polisi kumsimamisha mtu inaanzia Cleveland, Ohio. Mchana wa Oktoba 31, 1963, mpelelezi Martin McFadden, mtu wa miaka 39 katika kazi ya polisi, aliwaona vijana wawili kwenye kona ya barabara. Mmoja alitembea, akachungulia dirisha la duka, akaendelea mbele, akarudi, akachungulia tena, kisha akaenda kuteta na mwenzake. Mwenzake naye akafanya vivyo hivyo. Walipokezana hivyo mara kama kumi na mbili. Mtu wa tatu akaja, akazungumza nao, akaondoka, wao wakamfuata. McFadden aliwasimamisha, akawapapasa, akakuta bastola kwa wawili wao. Juni 10, 1968, Mahakama ya Juu ya Marekani, kwa kura nane dhidi ya moja, ilisema katika kesi ya Terry dhidi ya Ohio kwamba polisi anaweza kumsimamisha mtu bila hati ya kukamata endapo ana shaka yenye msingi, na shaka hiyo aweze kuieleza kwa mambo mahususi aliyoyaona.

Ni vyema kusisitiza jinsi ushahidi wa McFadden ulivyojengwa. Umejaa vitenzi: alitembea, alichungulia, alirudi, aliteta. Msikilizaji anaweza kukubaliana naye au kumpinga, kwa sababu ameonyeshwa kile alichokiona.

Siku hiyohiyo mahakama ilitoa uamuzi mwingine, na humo ndimo neno letu lilimopata hadhi ya kisheria. Mwaka 1964, huko Mount Vernon karibu na New York, polisi aliyekuwa mapumziko alikuwa nyumbani kwake akijifuta maji baada ya kuoga, akasikia mlango ukiguswaguswa. Akachungulia kwenye tundu la mlango, akaona wanaume wawili wakinyata kwenye ukumbi wa ghorofa kuelekea ngazini. Alikuwa ameishi katika jengo hilo miaka kumi na miwili na hakumtambua hata mmoja. Akavaa, akachukua bastola, akatoka na kuubamiza mlango, wale wakakimbia. Aliyekamatwa, Peters, alisema amekuja kumwona hawara yake, mke wa mtu, kwa hiyo hawezi kumtaja. Mfukoni mwake mlikutwa vifaa vya kuvunjia nyumba. Jaji Mkuu Earl Warren alipoandika uamuzi alisema mienendo ya makusudi ya namna hiyo, aliyoiita "furtive", ikiambatana na kumkimbia polisi, ni dalili nzito za nia ya uhalifu.

Uamuzi ulikuwa wa haki kwa mambo yalivyokuwa. Tatizo ni kwamba kilichoendelea kuishi ni kile kivumishi. Kunyata kukasahaulika, tundu la mlango likasahaulika, miaka kumi na miwili katika jengo lile ikasahaulika. Polisi na waendesha mashtaka wakajifunza kwamba mahakama inalikubali neno. Mapema kabisa, mwaka 1970, Jaji Stanley Mosk wa Mahakama ya Juu ya California aliona hatari. Katika kesi aliyoandikia uamuzi, mwanamke aliyekuwa abiria katika gari lililosimamishwa kwa kosa la mwendo aligeuka, kisha akainama kuelekea sakafuni, akainuka. Mosk alieleza kwamba abiria anaweza kuinama kwa sababu elfu zisizo na ubaya, na kwamba jicho linaloshuku hukiona kitendo cha kawaida kuwa cha hatia. Onyo hilo halikwenda mbali.

New York walilitengenezea neno mahali pa kudumu. Polisi wa jiji hilo, kila walipomsimamisha mtu, walijaza fomu iliyoitwa UF-250. Badala ya kuandika walichoona, waliweka alama kwenye visanduku vilivyochapishwa tayari. Kimojawapo kilisema "furtive movements", miendo ya kificho. Mwaka 2011 polisi walisimamisha watu zaidi ya mara 685,000, na takribani nusu ya fomu zilikuwa na alama kwenye kisanduku hicho. Kazi ya McFadden ya kutazama, kukumbuka na kueleza iligeuka kuwa mkwaruzo mmoja wa kalamu.

Watu waliosimamishwa walikwenda mahakamani. Kesi ya Floyd dhidi ya Jiji la New York ilisikilizwa mwaka 2013 mbele ya Jaji Shira Scheindlin. Floyd mwenyewe alikuwa mwanafunzi wa udaktari anayeishi Bronx. Februari 2008 mpangaji wa chini alifungiwa nje, Floyd akaenda kuchukua fungu la funguo, na wawili hao wakasimama mlangoni wakijaribu ufunguo mmoja baada ya mwingine. Polisi waliowaona walidhani wanavunja nyumba. Mlalamikaji mwingine, mkazi wa Staten Island, alikuwa mbele ya nyumba yake jioni akizungumza kwa simu. Alikuwa ametumia waya wa masikioni, na kile kipande cha kipaza sauti amekishika kwa vidole karibu na mdomo. Polisi waliona mtu anavuta bangi. Wakamsukuma kwenye uzio, wakampekua, wakatoa funguo na biskuti.

Halafu mawakili wakawauliza polisi swali rahisi: mwendo wa kificho ni upi? Majibu yamo kwenye kumbukumbu za mahakama na yanastahili kusikilizwa polepole. Ni kubadili njia ghafla. Ni kutembea namna fulani. Ni kutazama nyuma ya bega. Ni kutazama huku na huku. Ni kutia mkono mfukoni na kuutoa. Ni kurekebisha mkanda. Ni kuingia ndani ya jengo na kutoka upesi. Ni kuinama na kuinuka haraka. Ni kugeuza upande wa mwili. Ni kuwa na wasiwasi, kutetemeka kidogo. Ni kushikwa na kigugumizi.

Hebu kila aliyemo ukumbini ajiulize amefanya mangapi kati ya hayo tangu alipoingia.

Jaji Scheindlin aliona jambo hilohilo. Kama hayo yanatosha kumsimamisha mtu, alisema, haishangazi kwamba ni mara chache sana wanaosimamishwa hukutwa na kosa. Takwimu zilikuwa mbele yake. Kati ya Januari 2004 na Juni 2012, watu walisimamishwa mara milioni 4.4. Asilimia 88 waliachwa waende bila kukamatwa wala kupewa hati ya kwenda mahakamani. Waliopapaswa walikuwa zaidi ya nusu, na silaha ilipatikana katika asilimia 1.5 tu ya waliopapaswa. Asilimia 52 ya waliosimamishwa walikuwa Weusi na asilimia 31 walikuwa wa asili ya Amerika ya Kilatini, wakati katika jiji zima Weusi walikuwa kama asilimia 23. Weupe, waliosimamishwa kwa uchache, walikutwa na silaha au vitu haramu kwa kiwango kikubwa kidogo kuliko wengine.

Agosti 12, 2013 jaji aliamua kwamba jiji limevunja Katiba, kifungu cha kuwalinda watu dhidi ya upekuzi usio na sababu na kifungu cha usawa mbele ya sheria. Aligusia pia tafiti za upendeleo ambao mtu hajui kwamba anao: mwendo uleule ukifanywa na Mweusi huonekana wa kutisha zaidi. Hapo ndipo kivumishi hiki kinapofanya kazi yake mbaya kuliko zote. Hisia za anayetazama huingia ndani ya neno, zikatoka upande wa pili zikiwa zimevaa sura ya tabia ya anayetazamwa. Polisi hakuandika "niliingiwa na hofu". Aliandika kwamba mtu yule alikuwa "furtive", na hofu ya polisi ikawa ushahidi dhidi ya raia.

Kabla ya takwimu hizo kulikuwa na Amadou Diallo. Usiku wa Februari 4, 1999 kijana huyu kutoka Guinea, mwenye miaka 23, alikuwa kwenye kizingiti cha nyumba anamoishi huko Bronx. Askari kanzu wanne walipita kwa gari. Walieleza baadaye kwamba walimwona akichungulia barabarani, kisha akirudi nyuma. Walimsogelea, akaingiza mkono akatoa pochi. Walifyatua risasi 41, zikampata 19. Mahakama iliwaachia huru mwaka uliofuata. Kesi iliyofunguliwa baada ya kifo hicho, ya kupinga polisi kusimamisha watu barabarani kwa namna hiyo, ilimalizwa kwa makubaliano mwaka 2003, na ilikuwa kwa sababu makubaliano hayo hayakubadili hali ndipo kesi ya Floyd ikaletwa.

Jaji aliamuru, pamoja na mengine, fomu ile ibadilishwe ili polisi aandike kwa maneno yake kilichomfanya amsimamishe mtu. Idadi ya waliosimamishwa ilikwisha kuanza kushuka, na mwaka 2014 ilikuwa chini ya 50,000. Waliotabiri damu kumwagika hawakupata walichotabiri: mauaji jijini, yaliyokuwa zaidi ya 500 mwaka 2011, yalikuwa kama 330 mwaka 2014. Mambo mengi huchangia hesabu za namna hiyo, na mhadhara huu haudai kwamba kubadili fomu kuliokoa maisha hayo. Unadai jambo dogo zaidi: kisanduku kile hakikuwa kinalinda jiji.

Hoja ya nne: neno lilivyofika kwetu bila kutajwa

Afrika Mashariki haikuwa na fomu ya UF-250. Ilikuwa na kitu cha zamani zaidi. Mwaka 1824 Bunge la Uingereza, likisumbuliwa na maskini na askari waliorudi vitani bila makazi, lilipitisha Sheria ya Uzururaji. Iliruhusu kumwadhibu "mtu anayeshukiwa" akionekana akirandaranda mahali pa watu kwa nia ya kutenda kosa. Kosa lenyewe halikuhitaji kutendeka. Katika miaka ya 1970 vijana Weusi wa London walikamatwa kwa kifungu hicho kwa maneno ya polisi wawili tu, na kilifutwa mwaka 1981, mwaka ambao mtaa wa Brixton jijini humo uliwaka moto kwa ghasia.

Mizizi yake ilikuwa imeshahamishiwa makoloni. Kanuni za Adhabu za nchi zetu zilirithi makosa ya mzembe na mzururaji, pamoja na yule anayekutwa mahali "katika mazingira" yanayomfanya mtu aamini kwamba yupo hapo kwa nia mbaya. Neno "furtive" halimo, lakini mantiki yake ndiyo hiyohiyo: aaminiye hatajwi, na aliyekutwa ndiye mwenye kujieleza. Mwaka 2015 mchuuzi wa mifuko ya plastiki huko Malawi alikamatwa saa kumi alfajiri akiwahi sokoni Limbe, akashtakiwa kwa kifungu cha namna hiyo. Januari 2017 Mahakama Kuu ya nchi hiyo ilikitangaza kuwa kinyume cha Katiba. Desemba 2020 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, hapa Arusha, kwa ombi la Umoja wa Wanasheria wa Afrika, ilitoa maoni kwamba sheria za uzururaji zinapingana na Mkataba wa Afrika, ikazitaka nchi zizifute au zizirekebishe. Uganda, Desemba 2022, Mahakama ya Katiba ilibatilisha vifungu vyake.

Mchuuzi anayepita vichochoroni kabla ya jua kuchomoza anakwepa watu kweli. Anakwepa vibaka, anakwepa mgambo, anakwepa kudaiwa ushuru mara mbili. Siri yake ni ya kujilinda, na sehemu kubwa ya siri za maskini ni za namna hiyo.

Kazi iliyo mbele

Mwaka 2021 Tanzania ilirekebisha sheria ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama. Kazi ya kutafsiri vitabu vizima vya sheria inaendelea, na baadhi ya wanaoifanya wamo humu ndani. Kwao pendekezo la kwanza: wasiridhike na "mienendo ya kutia shaka" kila wanapokutana na vivumishi vya ukoo huu. Kirai hicho kina ugonjwa uleule, hakisemi ni shaka ya nani. Kiswahili kina hazina ya vitenzi vinavyolazimisha maelezo: kunyata, kunyemelea, kujibanza, kuchungulia, kuangaza huku na huku, kuficha kitu kwapani. Kila kimoja kinaweza kuthibitishwa au kukanushwa na shahidi.

Pili, wakalimani. Shahidi akisema "alikuwa anaangaliaangalia", mkalimani asimpe hakimu "furtive", kwa kuwa hapo atakuwa ameongeza wizi ambao shahidi hakuutaja. Na ushahidi ukija kwa Kiingereza ukiwa na neno hilo, mkalimani ana haki ya kuomba mahakama imwulize shahidi: alifanya nini hasa?

Tatu, na hili litadai juhudi kubwa zaidi miaka ijayo, kamera za barabarani sasa zinaunganishwa na programu za kompyuta zinazodai kutambua tabia za kutilia shaka. Programu hizo hufundishwa kwa mifano ambayo watu wameiwekea alama. Kama mwekaji alama alibeba kisanduku cha UF-250 kichwani, mashine itakibeba bila kuchoka, usiku na mchana, na haitakuwepo mtu wa kupandishwa kizimbani aulizwe mwendo wa kificho ni upi. Nchi inayonunua mitambo hiyo ina haki ya kudai orodha ya vitendo ambavyo mashine imefundishwa kuvishuku, iandikwe kwa Kiswahili, ichapishwe, na ijadiliwe na wananchi kabla ya kamera ya kwanza kuwashwa.

Kwa kuanzia, wafasiri na wakalimani waliopo wanaweza kukaa pamoja na kuandaa faharasa ya maneno ya siri ya Kiingereza, kila neno likiandamana na vitenzi vya Kiswahili kulingana na kitendo chenyewe, na mifano kutoka kwenye kesi halisi walizozifanyia kazi. Mezani kuna karatasi ya kujiandikisha kwa kazi hiyo. Mwenyekiti ameomba wachangiaji wa mwanzo wawe wakalimani wa mahakama, nao wanakaribishwa kwenye kipaza sauti.